Nyuma ya Khanga Mpaka Kigali

Kaeni basi, kila mtu na kigoda chake, maana nimechoka kuhadithia mmoja mmoja. Tangu nirudi hapa Pasiansi, wiki sasa, kila anayepita mlangoni anakuja na hadithi yake mwenyewe mkononi, ananiuliza kama ndiyo. Mama Sele anasema nimefukuzwa na mkwe. "Nimesikia tu, dada, mimi sisemi, nimesikia tu." Na mtaa mzima umesikia kwake! Mwingine kasema Kigali wamenikamata nikichafua barabara. Yule wa duka la vitenge kasema nimerudi ili nife kwetu. Sijafa. Kalamu siijui, kwa hiyo nasema mimi, huyu binti wa jirani, Tausi, anaandika, na nimemkataza kunisafishia maneno.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu Kabula alipata kazi Kigali, kazi ya mahesabu, kazi ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Mume wake alikuwa na meza yake ya samaki, na wateja wake, na kelele zake. Akafunga vyote amfuate mke. Ndugu zake wakamcheka weee! Kabula akanijia hapa jioni, na ile sauti yake ya kubembeleza aliyonayo tangu ana miaka mitano: "Mayu, twende wote. Mimi nitakuwa nashinda kazini. Milembe atakuwa shule. Baba Milembe atabaki peke yake, hana kazi, hajui mtu. Akikaa peke yake atarudi huku. Na akirudi, mayu, nyumba yangu imekwisha. Njoo ukae naye."

Nikae naye! Jamani. Mtoto nimemsomesha mpaka akasahau. Duniani kuna watu wangapi? Katika wote, wa kumkalisha na mumewe akamchagua mtu mmoja ambaye hatakiwi hata kumtazama. Nyie Wasukuma wenzangu mnajua. Nyie wengine niwaambie: nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hamtazamani usoni. Hamli pamoja. Hamlali paa moja. Jina lake halipiti mdomoni mwako. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na miwili tangu amuoe Kabula, mimi yule mwanaume namjua visigino tu.

Nikamwambia Kabula hayo yote. Akasema, "Mayu, siku hizi watu wanaishi tu." Watu wanaishi tu! Lakini alikuwa anasema huku machozi yanamtoka, na mimi machozi ya yule mtoto siyawezi. Nikaenda.

Pasiansi mpaka kivukoni

Tulikodi gari, na dereva wake, Mhaya mmoja anaitwa Rwegasira, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Mkwe akakaa mbele. Kabula na mtoto katikati. Mimi nyuma kabisa na mizigo, na kabla gari halijawaka nikatoa khanga yangu, nikaifunga huku na huku, ikawa pazia.

Rwegasira akageuka. Mnajua Mhaya akishangaa anavyojivuta: "Ebwaana! Mimi nimeendesha mpaka Kampala, nimebeba mapadri, nimebeba maiti, sijawahi kubeba pazia. Mama, sasa mimi nyuma nitaona nini?"

"Utaona khanga," nikamwambia. "Ina maneno, soma."

Mpaka Nyegezi tulikuwa tumesimama mara tatu. Kwa nini? Mkwe anataka maji, na maji yapo kwangu nyuma. Siwezi kumpa mkononi, na pazia halifunguliwi. Kwa hiyo gari lisimame, Kabula ashuke, azunguke, achukue chupa, ampelekee, arudi, apande. Kwa ajili ya maji! Kabula akaanza kupumua kwa pua.

Kigongo tukakuta foleni. Wakati huo daraja lilikuwa bado halijafunguliwa, limesimama pale juu ya ziwa linatutazama tu, na sisi chini tunangoja kivuko kama kuku wanangoja mtama. Njaa ikauma. Kuna mabanda ya sato wa kukaanga pale, samaki anatoka kwenye mafuta bado analalamika. Mkwe akaingia bandani akala. Mimi nikaenda kula nyuma ya banda, na mbuzi. Sina ugomvi na wale mbuzi, lakini mmoja alikula kachumbari yangu yote.

Kwenye kivuko dereva ndiye anaingia na gari. Nyie wengine mnaingia kwa miguu, mnasongamana. Nilimwacha mkwe atangulie, nikahesabu watu kama kumi, nikafuata. Watu wakasukumana, wakasukumana, mara naona visigino vile ninavyovijua viko mbele yangu, karibu nivikanyage! Mbele yeye, nyuma watu, pembeni maji. Nikajifunika khanga kichwa chote. Kijana mmoja akapiga kelele, "Bibi anatapika! Mpisheni bibi atapike!" Wakanipisha, na kule walikonipisha ndiko alikokuwa mkwe.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye kuku wawili mkononi. Alinitazama mara moja, akatazama vile visigino, akaelewa. Wala hakuuliza. Akasema, "Ni mkwe, eh? Simama nyuma yangu." Akajipanua na kuku wake, akawa ukuta mpaka Busisi. Mama yule, popote alipo, mfikishieni salamu. Huyo ndiye wa mwisho kunielewa katika safari nzima.

Benako

Sengerema, Geita, Biharamulo, sina la kuwaambia. Nilikuwa nyuma ya khanga. Niliona michoro ya embe na maneno yangu mwenyewe kwa nyuma.

Tulifika Benako jua linazama, malori yamejaa kama ng'ombe mnadani. Rwegasira akasema mpakani tutafika asubuhi. "Safari hii mama ni ya siku moja. Ya siku moja! Wewe umeifanya hija." Tukaingia gesti. Mwenye gesti ni mwanamke mnene, anatafuna muwa, kila neno linatoka na juisi.

"Vyumba viko, mama. Hiki na hiki. Vinaangaliana."

"Paa ni moja?"

"Paa ni moja, ukuta mmoja, choo kimoja. Familia si ndiyo nyie?"

"Basi siwezi."

Akamgeukia Kabula. "Bibi anaogopa paa?"

Kabula akamweleza. Yule mwanamke akacheka mpaka muwa ukamdondoka. "Kwetu sisi," anasema, "mama mkwe wangu nilikaa naye chumba kimoja miaka sita, nilitamani hiyo mila yenu." Kabula hakucheka. Akanivuta pembeni. "Mayu. Nimewatenganisha watu wawili kama paka na maji siku nzima. Kule Kigali nyumba ni moja. Paa ni moja. Utalala wapi? Juu ya mti?"

Nikamwambia, "Kigali tutaijua Kigali." Nikalala kwa mpishi wao, kwenye kibanda cha jiko, na magunia ya mkaa. Asubuhi nilikuwa mweusi kama sufuria. Lakini heshima ilikuwepo.

Rusumo

Mpakani ndipo nilipovuliwa nguo. Ngoja, Mama Sele, usikimbilie kusimulia, nimalize.

Nilikuwa nimebeba dagaa, nimebeba michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, karanga, unga wa muhogo. Vyote kwenye mifuko ya nailoni, nimefunga vizuri kwa mikono yangu. Akaja askari wao, kijana mpole, mpole mpaka unataka kumpiga. "Mama, kalibu sana. Huu mufuko hauingii."

"Mfuko hauingii, na dagaa?"

"Dagaa kalibu."

"Dagaa wataingiaje bila mfuko? Watembee?"

"Mama, nailoni ni kosa. Dagaa si kosa." Na anatabasamu! Mtu akikupigia kelele una mahali pa kushika. Mtu akitabasamu unashika wapi?

Nikatafuta kikapu, hakuna. Ndoo imejaa vyombo, ungo haufungiki. Rwegasira akaja, mikono mfukoni, akasema taratibu sana, "Mama, si kuna ile khanga."

Jamani. Pazia langu likashuka pale pale, likamwagiwa dagaa na michembe, likafungwa fundo. Kutoka Rusumo mpaka Kigali nilikaa nimeinamisha uso ndani ya ungo, nimeushika kwa mikono miwili mbele ya macho. Halafu tumetoka tu pale mpakani, nachungulia kando ya ungo, naona yule Mhaya kahamia upande wa kulia wa barabara, na lori kubwa linakuja. Nilitupa ungo nikapiga kelele, "Upande wako! Rudi upande wako, unatuua!" Mkwe akageuka aone kuna nini. Nikaona kidevu. Nikarudi ndani ya ungo haraka, lakini kidevu nilikuwa nimeshakiona.

Rwegasira anasema, "Mama, Rwanda wote wanaendesha kulia." Sasa hilo si ni la kumwambia mtu mapema?

Nyumba ya Kimironko

Kigali ni vilima na usafi. Ukitupa ganda la karanga unaona ganda linaona aibu lenyewe. Watu hawapigi kelele. Hata mbwa anabweka kama ameomba kibali. Pikipiki ukipanda unavalishwa kofia ngumu, nikavalishwa juu ya kilemba, nikawa kama kibuyu juu ya kibuyu.

Siku ya tatu nilinunua hindi la kuchoma, nikatembea nikila, kama mtu yeyote. Watu wananipisha njia, wanatazama chini. Nikajua nimekosa kitu, sijui nini. Jirani yetu, Mukamana, mama wa makamo aliyewahi kuishi Karagwe, akanivuta ndani ya geti lake kama ananificha mvua. "Mama, hapa mutu muzima hakuli mu njia. Kaa chini, malizia hindi yako." Nikakaa, nikamalizia. Mila ni mila. Nikamwambia ya kwangu na mkwe. Hakucheka, huyo. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na siku akiugua, utamuuguza na macho ya nani?"

Nilikasirika siku nzima.

Nyumba yenyewe ina koridoo moja nyembamba kama utumbo, vyumba pande zote, bafu mwisho. Ua hamna, mti hamna, majani ya kuingia mtu akipita hamna. Paa likanishinda, nikalala ndani. Moja hilo nikasamehe. Mengine nikayashika.

Sasa fikirieni siku inavyokwenda. Kabula katoka alfajiri. Milembe kaenda shule. Nyumbani tumebaki mimi na yeye, tunakwepana. Tukajitungia utaratibu bila kuambiana. Mimi nikitaka kutoka chumbani, nakohoa. Yeye akitaka kupita, anagonga ukuta mara mbili. Siku moja nilikuwa bafuni, nakohoa, nakohoa, na yeye yuko koridoni na simu masikioni, anasikiliza mpira. Nilikaa bafuni tangu chai mpaka chakula cha mchana. Nilifua taulo zote za nyumba ile. Nilifua hata zilizokuwa safi.

Na kuongea? Tunaongea na vyombo. Mimi nasimama jikoni: "Wewe sufuria, mwambie Baba Milembe chumvi imekwisha." Kutoka sebuleni nasikia: "Fagio, mwambie mama nitaleta." Mwanzoni ilinichekesha. Ikafika mwezi wa pili nikaona fagio linajibu kidogo, halafu halijibu kabisa.

Yule mwanaume aliyekuwa anasimama mezani pale Kirumba anaita, "Sato huyo! Sato wa leo, mwana wa ziwa, njoo umtazame macho!" mpaka wanawake wanacheka wakinunua, sasa anashinda kwenye kochi, anatazama geti. Vibali vyake vya kazi bado. Kabula anarudi jioni amechoka, viatu mkononi, anamuuliza, "Umeshindaje, Baba Milembe?" "Salama." Ananiuliza mimi, "Ameshindaje, mayu?" Nitajuaje? Visigino havisemi.

Alhamisi moja nilikuwa jikoni, yeye chumbani, ukuta wa pale ni karatasi. Nikamsikia anaongea na kaka yake wa Mwanza. Anasema chini chini, "Kesho napanda basi la saa tatu. Kabula nitampigia nikishavuka. Hapana, usimwambie mtu. Kaka, mimi hapa nimekwisha."

Jioni Kabula alirudi anacheka, siku hiyo wamemsifu kazini. Amemletea mumewe soksi. Nikasema nimwambie? Nikimwambia, atalia, watagombana, na kesho mtu ataondoka akiwa na sababu nzuri. Nikala kimya jikoni. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia mama yangu mzazi, aliyenifundisha kumkimbia mkwe.

Ijumaa

Kabula katoka. Mtoto katoka. Nikasikia begi linaburutwa koridoni. Nikakohoa. Begi likasimama. Akagonga ukuta mara mbili, maana yake pisha.

Sikupisha. Nilitoka nikaenda kusimama mlango wa nje, uso nimeuelekeza kwenye mbao, mgongo nimempa yeye.

Nikasema, "Mlango, muulize huyu mtu anakwenda wapi na begi."

Akajibu: "Begi, mwambie mama nakwenda kununua mkate."

"Mlango, mwambie mkate haubebwi kwenye begi la nguo. Na basi la saa tatu halipiti dukani."

Nilisikia anapumua. Aliposema tena sauti ilikuwa imepasuka. "Begi. Mwambie mama mimi sina ugomvi na mtu. Mwambie kwetu, nikitoka nyumbani, naitwa jina langu kila hatua. Watoto wananiita, walevi wananiita. Hapa miezi miwili. Mke wangu ananiita Baba Milembe. Jirani ananiita mume wa Kabula. Mama anaiita sufuria. Hakuna mtu aliyeniita. Nimeanza kusahau kama nipo."

Nyie mnanijua. Mimi nina maneno ya kila mtu, namuigiza padri, namuigiza diwani. Pale nilitafuta neno nikalikosa. Nilikuwa na moja tu, na lile moja ndilo nililokatazwa.

Nikageuka. Nikamtazama. Nikasema, "Masunga."

Begi likaanguka.

Jamani, miaka kumi na miwili! Ana mvi pembeni mwa masikio. Ana kovu kwenye nyusi, sijui la nini. Na macho ni ya Milembe, yale yale, makubwa, ya kuuliza. Mjukuu wangu nilikuwa nambeba mgongoni sijui macho kayatoa wapi. Akajaribu kuinama, kukimbilia ukutani, kwa heshima, na koridoo yenyewe ile haina pa kwenda. Nikamshika mkono. "Masunga, simama. Nimeshakuona, siwezi kukurudisha usionekane. Sasa niambie. Ukiondoka leo, mimi humu ndani nitabaki namkimbia nani?"

Akacheka. Halafu akakaa chini sakafuni, mtu mzima, akalia kama anatapika. Mimi nikakaa hapo hapo, mgongo kwenye mlango, nikangoja. Saa tatu ikapita. Nilisikia inapita.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilijua dada zangu watasema nini, na wamesema. Kwetu mwiko huo hauondolewi hivi hivi. Wanakaa wazee, inachinjwa mbuzi, mnakula pamoja mbele za watu. Kimironko wazee nitawatoa wapi? Nikasonga ugali. Nikakaanga dagaa wale wale wa Rusumo. Nikaita ng'ambo ya ukuta, "Mukamana! Njoo uwe wazee!" Akaja, wala hakuuliza, akanawa mikono, akakaa katikati yetu. Tukala sahani moja. Tonge la kwanza lilinikwama hapa. La pili likashuka.

Mukamana alimuuliza mambo ya samaki, akamjibu. Halafu akaendelea kujibu. Samaki wa ziwa lao na samaki wa ziwa letu, jinsi ya kumpara, jinsi ya kumjua wa jana kwa shavu lake, mikono inaruka hewani. Miezi miwili ilikuwa imefungiwa mle ndani! Mama wa watu mpaka akasinzia.

Kabula aliporudi alitukuta sebuleni, mimi kochi hili, yeye lile. Akasimama mlangoni na mkoba wake, hapandi hashuki. Akaona begi limelala koridoni, akalielewa. Uso ukamkauka. Akatazama mume, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mayu... mmekula pamoja?"

"Tumekula. Chako kiko jikoni. Vua viatu."

Akavua. Akaliondoa lile begi kimya kimya, akalirudisha chumbani, na alikaa kule muda kabla hajatoka.

Tangu siku hiyo, raha ile ya kukwepana ikaisha. Yule mwanaume hanyamazi! Nikiamka yuko mlangoni: "Shikamoo mama, jana nimekwenda sokoni Kimironko, wanavyopara samaki ni aibu, nimewaonyesha." Nikioga ananihadithia kupitia mlango. Nilitamani lile fagio.

Wiki ya tatu tumekaa mezani wote wanne, nimesonga mimi. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaweka mkono chini. "Mama," anasema, "usinielewe vibaya. Ugali wako una mabonge. Kesho nitasonga mimi, na unga nataka tubadilishe duka."

Kabula akanikanyaga mguu chini ya meza nisijibu. Wala sikukasirika. Mtu wa kuondoka hasahihishi ugali. Nikamaliza kula, mabonge na yote, nikaenda kufunga mzigo wangu.